Hodi ya Bi Kadzo

Mke mwenzangu Kadzo ndiye aliyening'oa vinyweleo siku nilipoolewa na mume wake. Msomaji asidhani nimekosea kuandika. Nililetwa Gazi kutoka Kinango nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na katika mji huu hakukuwa na somo mwingine wa kukabidhiwa bi harusi ila yeye. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikuja na sufuria yake ya sukari, akanikalisha mkekani, akaanza kazi. Mwili mzima alinifanyia kwa huruma, isipokuwa mahali pamoja kwenye mguu wa kushoto, alipovuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikapiga ukelele.

"Mvuto huo ulikuwa wangu, Dama," akaniambia. "Basi, yamekwisha."

Na kweli yalikwisha. Kwa miaka ishirini na sita tumeishi uwanja mmoja, milango miwili, mtungi mmoja wa maji, na sikupata kusikia neno la uke wenza kutoka kinywani mwake. Maneno ya uke wenza, yalipokuwapo, yalitoka kwangu, kwa sababu mimi hasira zangu ziko karibu. Nilipojifungua Nusaiba, binti yangu wa pekee, Kadzo alimpokea kwenye kanga, akamtazama, akasema huyu somo wake ni mimi, msitafute mwingine. Mtoto hakuwa na siku mbili.

Somo kwetu ndiye anayemfunda mwari na kumwandaa mwili kabla ya harusi. Kadzo huchemsha sukari na ndimu mpaka igeuke rangi ya asali, akaivuta kwa vidole hadi ilainike, kisha akaitumia kung'oa vinyweleo tangu kwapani hadi vidole vya miguu. Uso huufanyia kwa uzi, ncha moja ameishika kwa meno. Halafu huja singo ya liwa na mawaridi ya kusugulia mwili, halafu hina, halafu udi. Siku zote hizo chumba cha bi harusi hufungwa. Mwanamume haingii, hata mtoto wa kiume aliyekwisha kuachishwa ziwa haingii. Humo ndani wanawake hukaa vichwa wazi, leso zimeteremka viunoni, wakaimba na kuambiana mambo ambayo hawayaambiani kwingine. Kadzo alikuwa mwenye chumba hicho kuliko mama wa bi harusi mwenyewe. Akisimama mlangoni akasema hodi, mlango ulifunguliwa kabla hajamaliza neno.

Alikuwa na macho ya ajabu kwa miili ya wenzake. Alimwona binti mwenye upungufu wa damu kwa kumshika ukucha, akampeleka zahanati kabla ya kumtia hina. Alijua titi lenye uvimbe, alijua mgongo uliopigwa. Ndiyo maana mpaka leo nastaajabu jinsi mtu huyo huyo alivyoufungia macho mwili wake mwenyewe, na kunifumba macho mimi pia.

Mambo yalianza mwaka juzi, yeye akiwa na miaka hamsini na minane, hedhi yake ilishakatika zamani. Kwanza ilikuwa sauti. Kadzo alikuwa na sauti nyembamba ya kupanda juu, ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo zote chumbani. Ikaanza kushuka. Tukasema ni mafua, akanywa tangawizi na asali. Mafua gani ya miezi mitano, hatukujiuliza. Kisha leso yake ikaanza kukaa mbele zaidi kichwani, na siku moja ilipoteleza niliona nywele za kwenye paji la uso zimerudi nyuma kama za mume wetu Mbwana. Kisha nguvu. Nilimkuta amebeba gunia la nazi kutoka nyuma ya nyumba mpaka barazani, hahemi. Nikamtania kwamba sasa Mbwana amepata mwanamume mwenziwe hapa nyumbani. Hakucheka, na mimi nikaudhika kwamba hakucheka.

Kilichonishtua hasa ni Ramadhani. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi, na somo hupumzika. Lakini kila asubuhi, baada ya daku na sala, nyumba ya Kadzo ilitoa harufu ya sukari inayochemka. Mti wetu wa ndimu ulibaki majani matupu. Nilidhani anatengeneza sharubati ya futari anayokunywa peke yake, nikanuna siku tatu. Ndipo akili yangu ilipofika, na hapo ndipo mtu anapojua ameishi na mwenzake karibu kiasi gani.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kadzo alijinyoa. Ndevu zilikuwa zimemwota, ndevu kamili, na kifuani, na mgongoni asikofika mkono, na yeye kila alfajiri alikaa na sufuria yake na uzi wake na kioo kidogo, akauondoa ushahidi wote kabla jua halijatoka. Alikuwa fundi bora wa kazi hiyo kutoka Tiwi mpaka Msambweni. Mwanamke mwingine yeyote angegunduliwa baada ya wiki moja.

Siku ya aibu ilikuja mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, katika harusi moja ya Tiwi. Mimi nilitangulia na vyombo, Kadzo akabaki nyuma kusalimia wazee. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano chumbani, bi harusi katikati, tumejiachia kama kawaida yetu. Mara tukasikia sauti nzito mlangoni ikisema hodi.

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Chumba kizima kililipuka. Leso zilipandishwa, mtu akamtupia bi harusi shuka, mwingine akakanyaga sahani ya hina. Na mimi, niliyeishi naye miaka ishirini na zaidi, mimi ninayejua anavyokohoa na anavyopiga chafya, mkono wangu ulikuwa tayari umeshavuta leso mpaka kichwani. Mlango ukafunguka, akaingia Kadzo na sufuria yake mikononi. Akatutazama sote tulivyojifunika. Alinitazama mimi mwisho.

Mama wa bi harusi alikuwa mtu wa adabu. Alimwambia Bi Kadzo amechoka na safari, apumzike, kazi atasaidiwa na mwingine. Kila mtu alijua maana yake. Tangu siku hiyo habari zilikwenda mbio. Wengine walisema amepandwa na jini la kiume, wengine wakasema siku zote alikuwa hivyo ila alijificha, na hao wa pili ndio waliouma zaidi, maana walikuwa wanawake ambao yeye mwenyewe aliwatengeneza.

Nusaiba naye alikuwa ameshachumbiwa, na kijana wa Mkwiro, kule ng'ambo ya maji. Kabla ya mwezi kwisha wajumbe wakaleta neno kutoka kwa mama wa kijana. Lilikuwa neno laini. Wakwe wangependa, kama haitakuwa vibaya kwetu, somo awe mtu mwingine. Kadzo mwenyewe ndiye aliyewapokea barazani na kuwapa kahawa, na neno hilo aliambiwa usoni. Akajibu kwamba amesikia.

Na sasa niseme langu, kwa kuwa kumsema mwenzako na kujiacha mwenyewe ni uongo. Wiki ile ile nilikwenda Msambweni kwa siri kumwona mwanamke mwingine wa kazi hiyo, nikamuuliza kama ana nafasi. Nilijiambia namfikiria binti yangu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kadzo hakukaa tu. Alikwenda kliniki moja ya kulipia huko Ukunda, mara mbili. Lakini mwanamke wa pwani haendi kwa daktari ovyo. Huoga, huondoa nywele, hujipaka singo, hujifukiza udi, huvaa nguo safi, kwani utamwonyeshaje mtu mwili usiotengenezwa? Kwa hiyo mara zote mbili daktari aliona mama mnene kidogo, laini, anayenukia, analalamika sauti na uchovu. Akampa dawa ya koo. Mara ya pili akampa vidonge vya umri. Sitaki kumlaumu daktari yule, angeona nini? Kadzo alikwenda kueleza ugonjwa akiwa amekwisha kuung'oa.

Niliingia kwake asubuhi moja bila hodi. Alikuwa kwenye kigoda, kioo mapajani, nusu ya kidevu laini na nusu nyeusi. Sukari ilikuwa haimtoshi tena, alikuwa ameshika wembe. Hakuuficha. Nikaketi chini, nikamsimulia habari ya tetea wa mama yangu.

Kwetu Kinango kuku jike akiwika ni mkosi, huchinjwa siku hiyo hiyo. Nikiwa na miaka kama kumi, tetea wetu mmoja mweusi aliacha kutaga. Upanga wake wa kichwani ukarefuka ukawa mwekundu, shingo ikanenepa, akaanza kuwapiga majogoo. Asubuhi moja akapanda juu ya zizi la mbuzi akawika. Baba alimchinja kabla ya chai. Lakini mama, alipompasua, pale penye kichala cha mayai alikuta donge gumu la manjano, ukubwa wa kokwa ya embe. Alilishika muda mrefu. Akatuita sisi watoto tulione, akasema, maskini, kumbe hakuwa mkosi, alikuwa mgonjwa. Nilidhani sitalisahau kamwe donge lile. Kumbe nilikuwa nimelisahau miezi yote hiyo nilipolihitaji.

Kadzo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka kunichinja," akasema.

"Nataka upasuliwe na watu wanaojua kushona tena, dada."

Akacheka. Kwa sauti ile mpya kicheko kilitoka tumboni hasa, na nilikuwa sijakisikia mwaka mzima. Nikalia mimi.

Katika hospitali ya Msambweni tulipokewa na binti mmoja wa bara, Purity jina lake, afisa wa kliniki ambaye hata miaka thelathini hakuwa amefika. Nilikuwa nimemwambia Kadzo asijiguse siku ile, akanidanganya. Alikuja anang'aa. Purity akamtazama uso, akasema mama mimi sioni kitu. Nikamwambia mwanangu, usidanganyike, huyu ni fundi na hapo unatazama kazi ya fundi. Kadzo alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini yule binti hakuwa mjinga. Alimwomba avue leso, akatazama mapaji, akapitisha kidole shingoni penye vipele vya wembe. Akauliza sauti imekuwa hivyo tangu lini. Kadzo alipojibu kwamba ni mwaka mmoja, Purity aliacha kuandika. Alitueleza kwamba nywele zinazokuja polepole kwa miaka mingi ni jambo moja, wanawake wengi wanazo, lakini nywele na sauti zikija pamoja kwa mwaka mmoja, kuna kitu ndani kinazitengeneza. Akachukua damu, sampuli ikapelekwa Mombasa. Kisha akasema neno lililokuwa gumu kuliko sindano.

"Mama, siku kumi usinyoe, usitoe hata moja. Nataka daktari akuone venye uko."

Siku kumi hizo Kadzo alitoka nje akiwa amevaa ninja, macho tu, na watu wakasema amezidisha dini. Ndani ya uwanja wetu alikaa wazi. Nami niliona kwa macho yangu jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri. Siku ya tatu kidevu kilikuwa cheusi. Siku ya tano ndevu zilikuwa zimefika masikioni, nyeusi katikati na nyeupe pembeni, kwa mpangilio ule ule wa wazee wa ukoo wao. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu nusu ya maisha yangu, na sura ya mwanamume ilikuwa humo siku zote, tayari imechorwa, inasubiri tu kuitwa. Mwili wa mja ni siri kubwa. Unakijua ulichoonyeshwa tu.

Siku ya nane nilimkuta mbele ya kioo, mikono magotini. Baba yake alifariki kabla sijaolewa, mimi nilimjua kwa picha iliyo ukutani kwake.

"Shikamoo, baba," Kadzo akakiambia kioo.

Nikatoka polepole. Sikuwa na haki ya kuwapo hapo.

Mbwana mume wetu ni mtu wa maneno machache. Kazi yake ni ya miche, anapanda mikoko pamoja na kikundi cha hifadhi cha hapa Gazi, na mtu anayengoja mkoko ukue hujifunza kunyamaza. Nilikuwa nikiogopa atasema nini. Jioni ya siku ya kwanza aliyomwona alikaa karibu naye, akamtazama kidevu, akamuuliza kama panawasha, kwa sababu ndevu zake zilipoanza kuota ziliwasha sana. Kadzo akasema panawasha. Mbwana akaingia ndani akaleta mafuta ya nazi. Nilimpenda mume wetu siku hiyo kuliko siku aliyonioa, na nilimwambia hivyo, akaona haya.

Siku ya kumi majibu ya damu yalikuwa yamerudi. Tulipelekwa kwa Daktari Mwinga, bingwa wa magonjwa ya wanawake, mtu wa makamo aliyezungumza taratibu. Kadzo alivua ninja. Daktari hakushtuka, na Mungu amlipe kwa hilo. Alitueleza kwamba kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini, na kila mwanamume ana za kike kidogo, ndivyo tulivyoumbwa. Ni kama chumvi ya mchuzi, bila hiyo mchuzi haunogi. Mwilini mwa Kadzo mtu alikuwa amepindua kopo zima. Kiwango chake kilikuwa cha kijana wa miaka ishirini. Mbwana, aliyekuwa amekaa pembeni, alijikuna ndevu.

Akasema mahali pa kutazama ni pawili, tezi zilizokaa juu ya figo au ovari, vile vifuko viwili vya mayai. Damu ilionyesha kwamba tezi za juu ya figo hazina kosa. Picha ya kwanza ya tumbo haikuona kitu. Ya pili, kwa mashine kubwa ya Mombasa, ilionyesha kivimbe kwenye ovari ya kushoto. Kadzo aliuliza kikubwa kiasi gani. Daktari akaonyesha ncha ya kidole gumba. Kadzo akadhani hakusikia vizuri, akauliza tena, akaonyeshwa kidole kile kile.

Alipasuliwa siku ya Jumanne asubuhi, wakatoa ovari zote mbili, kwani kwa umri wake hazikuwa na kazi nyingine. Mimi nilikuwa nje na tasbihi. Muuguzi akaja na chupa ndogo yenye maji ya dawa, imeandikwa jina, akanipa. Ilibidi ndugu wa mgonjwa aipeleke maabara Mombasa, ipimwe kama ni saratani. Daktari alikuwa amekipasua kidogo kile kivimbe, na muuguzi akaniambia nitazame nikitaka. Nikatazama. Kilikuwa cha manjano kama kunazi lililoiva, na ukubwa wa tunda hilo dogo. Mama yangu angekijua mara moja.

Nilivuka Likoni kwa feri na chupa ile ndani ya kikapu, nimeifunga kwa leso. Nilisimama katikati ya mamia ya watu, wabeba samaki, wanafunzi, watu wa ofisi, na hakuna aliyejua nimebeba nini. Kitu kisichojaza kiganja cha mtoto kilikuwa kimemvika mtu sura ya baba yake. Kilimpa nguvu za kubeba magunia, kikamtoa kwenye chumba alichokimiliki miaka thelathini. Hakikuwa jini. Hakikuwa na nia mbaya wala nzuri. Kilikuwa kikitengeneza tu kile kinachotengenezwa ndani ya kila mmoja wa watu wale kivukoni, ila hakikujua kuacha. Niliwatazama wanaume na wanawake wa feri ile nikawaza jinsi tulivyotenganishwa na kipimo kidogo cha kitu tusichokiona. Nikasema Subhanallah, kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa ubavuni mwangu akaitikia bila kuuliza.

Hakikuwa saratani. Baada ya wiki mbili damu ya Kadzo ilipimwa tena, na homoni zile zilikuwa zimeshuka mpaka pa wanawake wa umri wake. Miezi ikapita. Ndevu zilianza kuota polepole, halafu chache, halafu laini. Gunia la nazi likawa zito, akaniita nimsaidie, na sote wawili tulifurahi kushindwa nalo. Kilichobaki ni sauti. Daktari Mwinga alikuwa amemwonya kwamba nyuzi za sauti zikishanenepa hazirudi. Kadzo aliyavumilia yote, kisu na maumivu na maneno ya watu, lakini siku alipojaribu kuimba ule wimbo wa kumtoa mwari, akasikia kinachotoka, alifunga mlango wake akalia mpaka adhuhuri.

Akaja kwangu uso umevimba. Akasema mtafutie Nusaiba somo mwingine. Wale wa Mkwiro watakuwamo chumbani, na yeye hataki binti yangu akumbuke harusi yake kwa leso kuvutwa na sahani kukanyagwa. Ndipo nikakiri kwake dhambi yangu, kwamba nilishakwenda Msambweni kumtafuta huyo mwingine.

"Najua," akasema. "Yule nilimfunza mimi. Alinipigia simu kabla hujafika nyumbani."

Miezi minane alikuwa akijua. Alikuwa amekula nami, amenywa nami, akiwa anajua. Nikaenda kumwita Nusaiba, maana bi harusi ni yeye. Nikamweleza yote mbele ya Kadzo. Binti yangu ana adabu kuliko mimi. Alisikiliza, akasema atafikiri, akarudi kwenye ufuaji wake. Hakutuambia amefikiri nini. Siku mbili kabla ya harusi alimtumia Kadzo ujumbe mfupi kwenye simu, akimwambia asichelewe kesho asubuhi, na asisahau ndimu.

Asubuhi hiyo chumba kilijaa. Wa Gazi walikuwa upande mmoja, wa Mkwiro upande wa pili, na mama wa bwana harusi ameketi kwenye mkeka mpya karibu na dirisha. Watu walikuwa wameanza kuzoeana. Leso zimeteremka, mtu anapiga kijembe kuhusu samaki wa Mkwiro, kicheko kimekolea. Nusaiba alikuwa katikati, mabega wazi, nywele zimefumuliwa, ameupa mlango mgongo.

Nikasikia hatua barazani. Nikajua ni zake, na nikajua kwamba huenda akageuka akarudi alikotoka, kwa sababu alisimama. Alisimama muda mrefu. Kisha ikaja ile sauti, nzito, ya marehemu baba yake.

"Hodi."

Kicheko kilikatika. Macho yote yakaenda mlangoni. Mkono wa mama wa bwana harusi ulikuwa umeshaishika leso yake, na mikono ya wengine ikawa inamtazama yeye ifuate au isifuate. Nusaiba hakugeuka. Hakuinua hata mkono kurekebisha nywele zilizomwangukia begani.

"Karibu, somo wangu," akasema. "Tumekungoja."

Mama wa bwana harusi aliutazama ule mgongo wa mkwewe, ulio wazi, uliotulia. Akaiachia leso, akaweka mkono pajani. Leso yangu ilikuwa imenianguka kiunoni tangu mwanzo. Niliiacha hapo hapo, nikaenda kumfungulia mlango.